Zahanati na Siri ya Ndani

Iko kauli moja ambayo haikuandikwa katika kitabu cha sheria wala haikubandikwa ukutani mwa zahanati yoyote, na ambayo hata hivyo ina nguvu kuliko nyaraka nyingi za wizara, kutoka Bunju hadi Chamazi na kutoka Tandale hadi Yombo, hapa Dar es Salaam: kwamba ugomvi wa mume na mke ni siri ya ndani, na kwamba mwanamke aliyepigwa akifika kwa tabibu, wajibu wa tabibu ni kulitazama jeraha wala si kumtafuta aliyelitia. Wasemao hivyo si watu waovu. Ni wazee wa mtaa waliopatanisha ndoa nyingi kuliko miaka yao, ni viongozi wa dini wanaochukia talaka, ni mashangazi na masomo waliomfunda binti usiku wa kuamkia harusi yake, na aghalabu ni wauguzi wenyewe, ambao mikono yao imechoka kushona na ndimi zao zimezoea kunyamaza. Kwa muda mrefu nami niliisadiki kauli hii nusu nusu, kwa sababu ina harufu ya staha, na staha ni kitu ambacho mtu wa pwani hapendi kuonekana amekikanyaga. Leo nakusudia kuipinga yote.

Insafu yataka hoja ya mtu ielezwe kwa nguvu zake zote kabla haijajibiwa, basi na tuieleze. Hoja yao imesimama juu ya nguzo tatu. Nguzo ya kwanza ni stara: nyumba ina mlango, na mlango ulitiwa ili yaliyo ndani yasitazamwe na wapita njia. Nguzo ya pili ni mgawanyo wa kazi: wazazi wana kikao chao, mjumbe wa nyumba kumi ana busara yake, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, mahakama ina hakimu, na hospitali kubwa zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, kwa nini basi muuguzi wa zahanati ajitwike mzigo wenye wachukuzi wengi kiasi hicho? Nguzo ya tatu ni udhaifu wa zahanati yenyewe: foleni ni ndefu, watumishi ni haba, chumba kimegawanywa kwa pazia, na hata muuguzi akiuliza na kujibiwa, hana cha kumpa mwanamke yule ila huruma. Nakiri kwamba nguzo hizi si za mabua. Tutazame moja baada ya nyingine kama zaweza kuchukua paa zilizowekewa.

Lakini kabla ya nguzo, tuupime mzigo. Katika utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005, ambao kwa upande wa Tanzania uliendeshwa na wataalamu wa Muhimbili katika Dar es Salaam na Mbeya, wanawake 41 kati ya kila 100 waliopata kuwa na mume au mwenzi hapa jijini walieleza kwamba mwenzi huyo alipata kuwapiga au kuwaingilia kwa nguvu, na huko Mbeya idadi ilikuwa 56 kati ya 100. Zaidi ya miaka 10 baadaye, uchunguzi wa taifa wa hali ya afya wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 40 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Sasa fikirini kama idadi hii ingekuwa ya kichocho, au ya trakoma, au ya upungufu wa damu. Je, angetokea mzee yeyote wa kusema kwamba zahanati haihusiki? Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikwisha kutamka mwaka 1996 kwamba ukatili ni tatizo la afya ya umma, na Wizara ya Afya ya Tanzania ilitoa mwaka 2011 miongozo ya sekta ya afya kuhusu kuzuia ukatili wa kijinsia na kuwahudumia waliofikwa nao. Kwa karatasi, basi, kauli ninayoipinga imekwisha kushindwa zamani. Inatawala bado kwa sababu karatasi hukaa kabatini na kauli hukaa kinywani.

Tena madhara haya hayangoji kualikwa zahanati. Yamekwisha kuingia, ila yameingia kwa majina ya bandia. Aliyekaa asubuhi moja katika benchi la zahanati ya Mbagala au Manzese anawajua wagonjwa ninaowakusudia. Yuko anayesema mwili wote unauma na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Yuko mwenye kichwa kisichopona, mwenye moyo unaokwenda mbio, asiyelala usiku, mwenye maumivu ya chini ya kitovu ambaye kila mwezi huandikiwa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo na kila mwezi hurudi. Yuko aliyeharibu mimba mara ya pili. Yuko mwenye jicho lililovimba ambaye, kabla hajaulizwa, husema ameanguka bafuni. Utafiti ule wa 2005 ulionyesha kwamba hapa Dar es Salaam wanawake 7 kati ya 100 waliopata kubeba mimba walipigwa wakiwa na mimba hiyo, yaani katika miezi ile ile ambayo muuguzi huwapima uzito, huwafunga mkanda wa presha, na huwapa vidonge vya kuongeza damu. Na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa katika kituo cha ushauri nasaha na upimaji wa VVU cha jijini humu, ulikuta kwamba wanawake walio chini ya miaka 30 waliogunduliwa kuwa na virusi walikuwa na uwezekano takribani mara 10 zaidi wa kueleza kuwa wametendewa ukatili na wenzi wao kuliko wenzao wa rika lao wasio na virusi. Asemaye kwamba kipigo si shughuli ya kliniki, na atuambie basi mimba ni shughuli ya nani, na VVU ni shughuli ya nani.

Hapo ndipo hujitokeza kitendawili ambacho wapinzani wangu hukitumia vibaya. Husema, na husema kweli, kwamba katika uchunguzi wa taifa wanawake walioomba msaada baada ya kupigwa waliukimbilia kwanza ukoo wao au wa mume, na tabibu alikuwa miongoni mwa waliotajwa kwa uchache kabisa. Kwa hiyo, wao huhitimisha, wanawake wenyewe hawamtaki tabibu katika jambo hili. Hitimisho hili lina taksiri. Mwanamke hakwenda kwa tabibu kama mtu aliyepigwa, lakini alikwenda, tena mara nyingi, kama mtu aumwaye; aliandikwa katika MTUHA, daftari la takwimu za zahanati, akapewa dawa, akarudi nyumbani. Alikuwamo katika foleni na hakuwamo katika hesabu. Kutohesabiwa kwake hakuthibitishi kwamba hakuhitaji kuulizwa. Kunathibitisha kwamba hakuulizwa.

Na sasa nguzo ya kwanza, stara. Wangeniambia kwamba serikali na watumishi wake hawakupata kuvuka kizingiti cha nyumba ya Mtanzania, ningenyamaza. Lakini mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika kando ya redio katika vikundi, kijiji kwa kijiji, na miongoni mwa waliyofundishwa na kuhimizwa kuyatenda ni kuchimba vyoo, kusafisha maji ya kunywa, na kufyeka vichaka vya mbu karibu na nyumba. Choo cha mtu kiliulizwa hadharani, na hapana aliyelia kwamba stara imevunjwa. Hivi leo mwanamke aendaye kliniki ya wajawazito huulizwa siku yake ya mwisho ya hedhi, mimba zilizotoka, watoto waliokufa, na kama mwenzi wake amepima. Huandikwa katika kadi, na kadi hubebwa mkobani. Ajabu ni kwamba katika maswali yote hayo, ambayo kila moja lina aibu yake, lipo moja tu lililoonekana ni la aibu mno hata lisiulizwe, nalo ni lile ambalo jibu lake lamgusa mume.

Tena muuguzi wa zahanati ni mtunza siri aliyekwisha kutahiniwa. Ni nani asiyejua kwamba wako wanawake wengi wanaochagua sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi 3, kwa sababu moja tu, kwamba sindano haionekani chini ya godoro kama vidonge? Muuguzi humchoma, hulitunza daftari lake, humpa tarehe ya kurudi, na mume huishi na kufa bila kujua. Wala hapana aliyesema kwamba muuguzi huyo ameingilia ndoa ya watu. Majibu ya VVU nayo huyatunza vivyo hivyo. Kwa hiyo asiyeniamini kwamba zahanati yaweza kubeba siri ya kipigo, na anionyeshe kwanza siri iliyo nzito kuliko hizi ambazo zahanati huzibeba kila siku ya Mungu.

Lakini nazidi kuuliza: stara hii humsitiri nani? Stara katika lugha yetu ni nguo, ni hifadhi ya mwenye udhaifu asionekane na mwenye jicho baya. Mwanamke mwenye alama shingoni akivaa mtandio wakati wa joto la Februari, ambaye amehifadhiwa na mtandio ule si yeye. Wahenga walipotuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, hawakuweka msamaha kwa maradhi yaliyotokana na mkono wa mtu. Wala sheria haikuweka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 66, imetamka bayana kwamba hapana mtu aliye na haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na imekuwa ikitamka hivyo kwa zaidi ya nusu karne, ilhali mitaani bado kuna watu wazima wanaoamini kwamba mume ana ruhusa ya kumrudi mke kama mtoto. Wanaojikinga kwa dini nao wakumbuke riwaya iliyopokewa kwa Bibi Aisha, kwamba Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake wala mtumishi. Na anayenong'ona kwamba kulalamikia madhila ya wanawake ni mtindo ulioshuka na ndege kutoka Ulaya, akumbuke kwamba Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliimba wimbo wa Kijiti juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na watu wa pwani wakaufahamu bila mkalimani.

Watanijibu kwa silaha yao waipendayo: wanawake wenyewe wameridhia. Na ni kweli kwamba katika uchunguzi ule wa 2015–16 wanawake 58 kati ya 100 walikubali kwamba mume ana sababu ya kumpiga mkewe kwa angalau kosa moja kati ya yaliyotajwa, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kutowatunza watoto, na wanaume waliokubali walikuwa 40 tu. Wapinzani wangu hulisoma jambo hili kama hati ya ridhaa. Mimi nalisoma kama bei. Mtu aliyelelewa akiambiwa tangu unyagoni kwamba nyumba hudumu kwa uvumilivu, ambaye hana nauli ya kurudi kwao wala kwao hapana chumba cha kumpokea na watoto watatu, amekwisha kupiga hesabu ya amani yake na kuona kwamba kofi ni sehemu ya gharama. Akikuambia gharama ni ya haki, hajakuambia kwamba haimuumizi. Na hata angekuwa ameridhia kwa moyo wote, tabibu hakuajiriwa kutibu yale tu ambayo mgonjwa hayakubali. Mvuta sigara ameridhia na sigara yake, na hata hivyo tabibu humuuliza anavuta ngapi.

Nguzo ya pili yasema kwamba kazi hii ina wenyewe. Nami siwadharau wenyewe hao. Nataka tu kutazama kila mmoja yuko wapi na mwanamke hufikaje kwake. Kikao cha wazazi huwa na madhumuni yake, na madhumuni yake ni ndoa isivunjike. Mwanamke huketi mkekani mbele ya baba mkwe na mjomba, huambiwa kwamba wagombanao ndio wapatanao, huombwa asamehe, na mume huombwa apunguze hasira, kana kwamba hasira ni chumvi. Haki ya kikao hicho ni kupatanisha, na siiondoi. Lakini hapana aliyekikabidhi kupima kama ubavu umevunjika. Mjumbe wa nyumba kumi ni jirani wa mume, mara nyingi ni mwenzake katika baraza la bao. Polisi nao wana Dawati, na nakiri kwamba kuanzishwa kwa madawati hayo kulikuwa hatua kubwa, kwa kuwa mwanamke sasa aweza kusikilizwa katika chumba na si kaunta mbele ya walevi waliokamatwa. Lakini kumfikisha mwanamke kituoni ni kumtaka aamue, katika saa yake mbaya kuliko zote, kama anataka baba wa watoto wake alale rumande, ambaye ndiye mlipaji wa kodi ya chumba. Wengi, katika saa hiyo, huamua kurudi nyumbani.

Na hapa pana mkasa wa karatasi ambao umewaponza wengi, yaani Fomu ya Polisi Namba 3, PF3. Mazoea yaliyokita mizizi yamewafanya watu waamini, na baadhi ya watumishi waamini pia, kwamba aliyejeruhiwa kwa mkono wa mtu hawezi kutibiwa mpaka aende kwanza kituoni akaichukue fomu hiyo. Kwa hiyo mwanamke hutoka zahanati akiwa na damu, huenda polisi, hungoja, hurudi. Sasa hebu tuweke saa mezani. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kwa aliyeingiliwa kwa nguvu zapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo ina siku zake, 5 na si zaidi. Karatasi ina kazi mahakamani na hapana anayeikana kazi hiyo, walakini jeraha halijui kwamba kuna karatasi. Aanzaye kwa fomu ameamua, pengine bila kujua, kwamba ushahidi dhidi ya mume una thamani kuliko uhai wa mke. Na kwa kuwa wanawake wengi huikimbia fomu, mara nyingi huishia bila ushahidi na bila dawa.

Basi vipo Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo hospitali ya Amana ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuwa navyo, ambamo tabibu, polisi na afisa ustawi wa jamii hukutana chini ya paa moja ili mwanamke asizungushwe. Ni fikra njema, na Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, uliozinduliwa mwaka 2016 na ambao watu wanaujua kwa jina la MTAKUWWA, umevipa mahali pake. Lakini kituo hicho kiko katika hospitali kubwa, na hospitali kubwa iko mbali na mtu aliyejenga Msongola au Chamazi. Kukifikia ni daladala mbili, ni nauli ambayo lazima iombwe kwa mtu, na mtu huyo atauliza: unakwenda wapi?

Swali hilo la mume, unakwenda wapi, ndilo kiini cha makala haya yote. Mwanamke aliyefungiwa na wivu wa mumewe huulizwa akienda sokoni, huulizwa akienda kwa mama yake, huulizwa akienda kikundi cha kuweka na kukopa, na akienda polisi haulizwi tena bali hungojwa. Safari moja haiulizwi: akimbeba mtoto mgongoni na kadi mkononi akasema, nampeleka mtoto kliniki. Hata mume mkali kuliko wote hana jibu la maneno hayo, kwa kuwa mtoto ni wake na chanjo ina tarehe. Katika milango yote ambayo taifa limemfungulia mwanamke anayepigwa, zahanati ndio mlango wa pekee anaoweza kuuingia bila kutoa sababu kwa mtu anayempiga. Wanaosema kazi hii iachiwe taasisi nyingine wanamwelekeza kwenye milango yenye walinzi, wakampitisha mbele ya ule usio na mlinzi, wakauita mlango wa kushonea.

Na mlango huu waweza kufungwa kwa nia njema. Kwa miaka mingi sasa kliniki za wajawazito zimehimiza kila mama aje na mwenzi wake ili wapimwe pamoja, jambo lenye manufaa ambayo siyapuuzi. Lakini mahali pengi himizo hilo limekua hata kuwa sharti, aliyekuja na mume huhudumiwa mwanzo, na asiye na mume huambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Matokeo yake ni kwamba mwanamke anayepigwa huketi mbele ya muuguzi na ampigaye yuko kiti cha pili. Siombi waume wafukuzwe kliniki. Naomba dakika chache tu ambazo mama hupimwa akiwa peke yake, kila mama, awe na mume au asiwe naye, ili iwe ada isiyomtia mtu yeyote wasiwasi.

Yabaki nguzo ya tatu, kwamba zahanati haiwezi, nayo ndiyo yenye wakweli wengi. Watumishi ni wachache, hilo hapana wa kulipinga. Na wapinzani wangu waliosoma watanipiga kwa rungu lililochongwa Geneva: Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2013, halikupendekeza kwamba kila mwanamke anayeingia kituo cha afya aulizwe kuhusu kipigo. Ni kweli, nami nisingeficha. Lakini tuusome mwongozo huo mpaka mwisho, kwa kuwa haukusema tunyamaze. Ulisema mtoa huduma aulize pale anapoona dalili zenye kutia shaka, majeraha yanayorudi, maradhi yasiyo na asili, mimba zinazoharibika, huzuni isiyokwisha. Ulitaja kliniki ya wajawazito kuwa mahali ambapo kuulizwa kwaweza kufikiriwa. Na uliweka masharti, kwamba mtoa huduma awe amefunzwa, pawepo faragha, na pawepo mahali pa kumpeleka anayetaka kwenda. Masharti hayo ni mizani yangu pia. Swali linaloulizwa nyuma ya pazia, mume akisikiliza upande wa pili, ni hatari, na aliyeliuliza hivyo amemrudisha mwanamke nyumbani na kosa jipya la kujibia.

Kwamba yawezekana, tumekwisha kuona katika jiji letu wenyewe. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa majaribio uliofanywa katika idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali ya wilaya ya Temeke, ambamo watumishi walifunzwa kuwauliza wanawake kuhusu ukatili wa wenzi wao, wakawauliza. Na fundisho lake ni kwamba kazi hiyo inafanyika, madhali mtumishi amefunzwa na kupewa nafasi na muda. Haikufanyika Sweden wala Marekani. Ilifanyika Temeke, kwa foleni ya Temeke na joto la Temeke.

Na kuhusu kwamba muuguzi hana cha kumpa, nasema ana vitu vitano, na hapana hata kimoja kati yake kinachotoka bohari ya dawa. Aweza kumsikiliza bila kumkatiza. Aweza kumuuliza anahitaji nini, maana pengine hahitaji talaka wala polisi, anahitaji ubavu wake utazamwe. Aweza kumwambia kwamba anamsadiki na kwamba kosa si lake, maneno ambayo huenda hajayasikia kwa mtu mzima yeyote tangu aolewe. Aweza kupima naye hatari ya usiku wa leo, kama mume ana panga, kama ametishia kuua, na ni nyumba gani ya jirani aweza kukimbilia. Na aweza kumwonyesha njia ya kwenda kwa afisa ustawi wa jamii, kwa Dawati, au kwa wanasheria wa kujitolea, njia ambayo ataifuata leo, au mwakani, au asiifuate kamwe, kwa kuwa uamuzi ni wake. Tabibu asiyeweza kuponya kisukari hakumfukuza mgonjwa wa kisukari. Kwa nini kipigo peke yake ndicho maradhi tuliyoambiwa tusiyaguse mpaka tuwe na dawa ya kuyamaliza?

Hoja moja nimeiacha mwisho kwa sababu inaniuma. Muuguzi ni mke wa mtu vilevile. Kama kweli wanawake 41 kati ya 100 wa jiji hili wamepata kutendewa ukatili, basi kwa wastani kila zahanati yenye wauguzi wanawake watano ina wawili wanaojua wanachokizungumza zaidi ya wanavyotaka kukijua, na kumtaka muuguzi wa namna hiyo aulize ni kumtaka afungue jeraha lake kila asubuhi. Nakiri. Lakini kauli ya siri ya ndani haijampumzisha muuguzi huyu. Imemtaka ashone nyama ya mwenzake na ajifanye hajui ilichanwaje, kisha arudi kwake jioni akajifanye hivyo tena. Mafunzo ya kuuliza yaanze kwa kumuuliza yeye.

Ninayoyadai ni machache, na bei yake naijua. Chumba kimoja katika kila zahanati chenye mlango wa mbao unaofungwa, badala ya pazia. Dakika chache za kila mama peke yake. Muuguzi aliyefunzwa, na mwenzake wa kumpokea akihamishwa, maana watumishi wetu huhamishwa. Tiba itangulie PF3, na watumishi wote waambiwe hivyo kwa maandishi yaliyobandikwa mahali wanapoyaona. Na katika daftari, mstari unaoandika kilichotokea kwa jina lake, ukatunzwa kwa siri ile ile inayotunza majibu ya damu, ili mwakani asitokee mtu wa kutuambia kwamba tatizo halipo kwa kuwa halimo katika hesabu.

Na kwa muuguzi ambaye bado hana chumba, wala mlango, wala mafunzo, ambaye kesho asubuhi ataletewa jicho lililovimba na kuambiwa kwamba mwenyewe ameanguka bafuni, sina amri ya kumpa. Ninalo swali dogo tu la kumuazima, ambalo laweza kusemwa kwa sauti ya chini wakati pamba inaloweshwa dawa, mume akiwa kazini na mtoto akinyonya, na ambalo halimlazimishi mgonjwa kusema kitu asichotaka: mama, ulipoanguka, ulikuwa na nani?